Pesa za Mayatima: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku ya Malipo

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya kijiji huku Kwale, pwani ya Kenya, upande wa wale wanaopanga foleni, si wa wale wanaolipa. Pesa ambazo Serikali huwalipa walezi wa mayatima maskini zikitoka, maswali huja na watu. Mengine huulizwa na nyanya aliyeshika fimbo, mengine na kijana wa chuo aliyesoma kidogo mtandaoni, mengine na mwenye duka ambaye hapati kitu lakini anajua kila shilingi imeingia nyumba gani. Nimeyakusanya hapa, na nimejibu kwa ninayoyaona na kwa yale ambayo utafiti umeyathibitisha.

Hizi pesa zilianza lini, na ni za nani hasa?

Zilianza mwaka 2004 kwa majaribio, kaya 500 tu, katika Kwale, Garissa na Nairobi, Serikali ya Kenya ikisaidiwa na UNICEF. Ulikuwa wakati ambao Ukimwi ulikuwa umeacha nyumba nyingi mikononi mwa mabibi na mababu. Dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijaenea, na wazee waliokuwa wanangoja kulelewa na watoto wao walijikuta wanawalea wajukuu. Kiwango cha kwanza kilikuwa shilingi 500 kwa mwezi. Mradi ulipopanuliwa kikapanda hadi 1,500, na kuanzia mwaka wa fedha 2011/12 kikawa 2,000. Kufikia 2015 zilikuwa zimefika kaya zaidi ya 200,000 nchi nzima. Leo ni sehemu ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa pesa za msaada, pamoja na pesa za wazee na pesa za watu wenye ulemavu mkubwa.

Pesa humfikia mlezi, si mtoto, na si shule. Nyumba iwe maskini, iwe na angalau mtoto mmoja wa chini ya miaka 18 aliye yatima au aliye hatarini, na isiwe inapokea msaada mwingine kama huo.

Mbona jirani yangu anapata na mtoto wake ana mama mzima?

Kwa sababu neno yatima lina maana mbili hapa kwetu. Madrasa tulifundishwa kwamba yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Kwenye mradi, aliyefiwa na mzazi yeyote mmoja anahesabiwa, na pia mtoto ambaye mlezi wake ni mgonjwa wa muda mrefu, au anayeishi katika nyumba inayoongozwa na mtoto mwenzake. Kwa hiyo mtoto ambaye mama yake yuko kitandani kwa mwezi wa nne mfululizo anaingia, na mtoto wa mjomba tajiri aliyefiwa na wazazi wote wawili anaweza kukosa.

Ushauri wangu mmoja kwa walimu: msiwasimamishe watoto hawa darasani mkisema "wale mayatima waje ofisini". Nimemwona msichana wa darasa la saba akibaki amekaa, afadhali akose sare kuliko kuinuka.

Watu huchaguliwa vipi? Si kwa kujuana?

Utaratibu ni kwamba kamati ya lokesheni, yaani eneo la chifu, huorodhesha nyumba, wadadisi hupita nyumba hadi nyumba na fomu za kupima umaskini, kisha majina husomwa barazani watu wapinge au wakubali. Orodha ikizidi nafasi, nyumba zinazoongozwa na watoto hutangulia, halafu huangaliwa umri wa mlezi na idadi ya mayatima.

Kujuana kupo. Sitadanganya. Lakini kasoro ninayoiona zaidi si jina kuingizwa kwa hila. Ni jina kutoingia kabisa, kwa kuwa siku ya kuandikisha mlezi alikuwa shambani, au hana kitambulisho, au hakusikia tangazo kwa kuwa nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Barazani husomwa majina ya waliopo. Nani atampigia kelele ambaye hakuandikwa?

Kuna mtu ameniambia nitoe kidogo jina liingie. Nitoe?

Usitoe. Kuandikishwa ni bure. Nenda kwa afisa wa watoto au afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo.

Walijuaje kama pesa zinasaidia? Si ni maneno ya wafadhili tu?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonifanya niuheshimu mradi huu kuliko mingi niliyoiona ikija na magari meupe na kuondoka.

Mwaka 2007, kabla ya kupanua, wilaya saba zilichukuliwa: Kwale, Garissa, Nairobi, Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba. Kila wilaya zikateuliwa lokesheni nne zinazofanana, ikapigwa kura: mbili zianze kupata, mbili zingoje. Jumla lokesheni 28. Nyumba zaidi ya 2,000 zikaulizwa wanakula nini, nani anasoma, nani anaumwa. Mwaka 2009 wakarudi kwa nyumba zile zile, na 2011 tena.

Kwa nini kura? Kwa sababu ukilinganisha waliopata na wasiopata bila kura, hujui kama tofauti imeletwa na pesa au na kwamba waliopata walikuwa wachangamfu tangu mwanzo. Kuna wanaouliza kama ni haki kumngojesha yatima. Mimi pia lilinisumbua. Ila pesa za mwaka ule hazikutosha wote, kwa hiyo wengine wangengoja kwa vyovyote vile, na kura ni haki kuliko kungoja kwa sababu hukumjua mwenyekiti.

Wakagundua nini?

Nianze na la kawaida. Nyumba zilitumia zaidi kwa chakula, na chakula chenyewe kikawa cha namna tofauti: nyama, maziwa na matunda vikaongezeka. Shule ya msingi hakukuwa na badiliko kubwa, kwa kuwa ilikuwa bila malipo tangu 2003 na watoto wengi walikuwa tayari wameandikishwa. Badiliko lilikuja sekondari, pale ambapo karo, sare na nauli huwatoa watoto wa maskini mmoja mmoja. Kazi za shamba za watoto zikapungua, hasa za wavulana.

Lililowashangaza hata watafiti lilionekana 2011, walipozungumza na vijana wa miaka 15 hadi 25 waliolelewa katika nyumba hizo. Mradi haukuwa na somo lolote la Ukimwi wala la ujana. Ni pesa tu aliyopewa nyanya. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba uwezekano wa kijana kuwa ameshaanza kujamiiana ulikuwa chini kwa asilimia 31 kuliko katika nyumba zilizokuwa zinangoja. Mwaka uliofuata ikaja hesabu ya wasichana: mimba zilipungua kwa pointi tano za asilimia. Yaani katika kila wasichana mia, kama watano ambao wangeshika mimba hawakushika. Na mwaka 2016 ikachapishwa ya tatu, kwamba dalili za sonona kwa vijana zilipungua, zaidi kwa wavulana.

Ndoa za mapema hazikuonyesha badiliko la wazi. Nalitaja hilo makusudi, maana anayekuletea utafiti wenye mazuri matupu anakuuzia kitu.

Ukiniuliza mimi kwa nini, nitakuambia habari ya msichana niliyemjua alipokuwa kidato cha pili. Alikuwa akidaiwa karo, akidaiwa pedi, akidaiwa nauli, na kijana wa bodaboda alikuwa tayari kumlipia vyote. Pesa za nyanya hazikulipa vyote. Zililipa kiasi cha yeye kuweza kusema "leo nitatembea kwa miguu". Hakuna fomu ya utafiti yenye kisanduku cha kuliandika hilo, ila naamini ndilo linalojificha ndani ya ile asilimia 31.

Si huishia kwenye pombe ya mnazi?

Hili huulizwa zaidi na wale ambao wenyewe hawauachi mnazi.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilichapisha mapitio ya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali kuhusu pesa za msaada na matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa ujumla hayakupanda, na mahali pengine yalishuka. Sisemi hakuna mlevi hata mmoja. Nasema mlevi mmoja huonwa na kijiji kizima, na nyanya kumi walionunua unga hawaonwi na mtu.

Nilikaa na nyanya mmoja siku ya malipo nikamwandikia matumizi kwenye daftari la mjukuu wake, kwa ridhaa yake. Alipokea 4,000, za miezi miwili. Deni la dukani 1,350. Unga mifuko sita ya kilo mbili, 960. Viatu vya mtumba vya shule, 450. Daftari na kalamu, 180. Mafuta ya kupikia na sabuni, 310. Bodaboda kwenda na kurudi, 200. Zikabaki 550. Akazishika muda mrefu, akanunua kuku jike, akamfunga mguu kwa kitambaa chekundu ili asichanganyike na wa jirani. Nilipopita tena miezi mitatu baadaye, kuku alikuwa na vifaranga saba, na wawili walikuwa wameshachukuliwa na mwewe.

Na uvivu je? Mtu akipewa bure atalima?

Elfu mbili kwa mwezi haimfanyi mtu awe mvivu, haitoshi hata hilo. Utafiti haukuona watu wazima wakiacha kazi kwa jumla. Uliona nyumba zinazoongozwa na wanawake zikianzisha biashara ndogo ndogo na kuongeza mbuzi na kuku, mambo ambayo mtu asiye na akiba hawezi kuyathubutu.

Mwenye duka anafaidika nini, mbona siku hizo anachangamka hivyo?

Anafaidika, na kuna waliompigia hesabu. Watafiti walifuatilia shilingi inazungukaje baada ya kutoka mkononi mwa mlezi: kwa muuza samaki, kutoka kwake kwa mwenye boti, kutoka kwake kwa fundi. Kwa makadirio yao, shilingi moja iliyoingia Nyanza ilizalisha shilingi 1.34 katika uchumi wa pale, na Garissa 1.81. Wakaongeza tahadhari ambayo wanasiasa huisahau: ikiwa bidhaa haziongezeki na bei zikapanda, faida halisi hushuka hadi 1.08 na 1.23. Bado ni faida. Ila mwenye duka anayepandisha unga wiki ya malipo, sisi tunamwona.

Je, mtoto akikosa shule pesa hukatwa?

Mwanzoni baadhi ya lokesheni ziliwekewa masharti ya shule na kliniki, pamoja na faini ya shilingi 500 kwa atakayeyavunja, na nyingine hazikuwekewa, ili ionekane kama adhabu inasaidia. Tofauti ya maana haikuonekana. Hata walezi wenyewe wengi hawakujua masharti ni yapi, kila mmoja ana lake. Nadhani aliyebuni faini hiyo hakuwahi kumwona nyanya anayemlilia mtoto aende shule huku mtoto hana shati.

Kwa nini ni elfu mbili ile ile miaka yote?

Hapo ndipo ninapokasirika, nisamehewe.

Kiwango kimesimama kwa zaidi ya miaka kumi. Unga haukusimama, karo haikusimama, bodaboda haikusimama. Isitoshe, ni elfu mbili kwa kila nyumba, iwe ina mtoto mmoja au sita. Watafiti walionyesha mapema kabisa kwamba faida huonekana zaidi kwenye nyumba ndogo, na kwamba pesa isiyofuata mfumuko wa bei huyeyuka. Ripoti zipo. Kinachofanywa kila bajeti ni kuongeza idadi ya nyumba, maana idadi inasomeka vizuri kwenye hotuba. Kuongeza nyumba ni jambo jema, lakini kukigawanya kijiko kile kile kwa midomo mingi zaidi hakujawahi kumshibisha mtu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema Serikali itawapa msaada ufaao wale wasioweza kujikimu. Neno "ufaao" limo mle kwa sababu. Mkiitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti au ya taifa, lisemeni hilo, msiseme tu "mtuongeze majina".

Mashine imekataa vidole vya nyanya. Tufanyeje?

Hili nimelishuhudia nikiwa nimemshika mkono. Nyanya amesuka makuti tangu usichana wake, ncha za vidole zimelainika kama mgongo wa kijiko. Wakala akamfuta kwa kitambaa. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Akaambiwa akanawe kwa sabuni, akanawa kwenye beseni la muuza viazi. Hapana. Mara ya tisa wakala akasema, "Shikamoo nyanya, njoo wiki ijayo." Akaitika marahaba, akaondoka bila senti, na mia mbili za bodaboda zimeshaliwa.

Ikikutokea, usiondoke kimya. Omba vidole vyote kumi vijaribiwe, si vile viwili tu. Ikishindikana, mwambie chifu aandike barua, uipeleke kwa afisa anayeshughulikia Inua Jamii, na uulize kuhusu kuandikisha mpokeaji wa pili katika nyumba hiyo. Fanya hivyo upesi, maana akaunti isiyoguswa huweza kuonekana kama ya marehemu.

Si bora tumpeleke makao ya watoto, asome bure?

Nawaelewa wanaouliza. Makao yana godoro, yana chai ya saa nne, yana mgeni kutoka ng'ambo mwenye zawadi. Na pwani yetu yamekuwa mengi kando ya barabara ya watalii, jambo ambalo peke yake lingetufikirisha.

Utafiti ninaoutegemea zaidi kwa hili ulifanyika Romania. Kuanzia mwaka 2001, watoto wadogo 136 wa makao ya Bucharest walipigiwa kura: nusu wakae, nusu waende kwa familia za kulea. Waliokwenda kwenye familia walikua na akili na ukaribu wa moyo kuliko waliobaki, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu zaidi. Mtoto mchanga anahitaji uso mmoja unaorudi kila asubuhi, na makao hufanya kazi kwa zamu.

Sera ya Kenya imefuata njia hiyo. Tangu Novemba 2017 usajili wa makao mapya ulisimamishwa, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia ndani ya miaka kumi. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua pia kafala, ambayo Waislamu wameifanya miaka nenda miaka rudi: unamlea mtoto wa mwenzio kama wako, lakini nasaba yake inabaki ya baba yake. Kwa wazee wetu waliokuwa wakikwepa mahakama kwa kuhofia neno "kuasili", mlango umefunguka.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Mtoto akirudishwa kwa shangazi ambaye alishindwa kumlisha mara ya kwanza, na shangazi hakuongezewa hata shilingi, umaskini uliomtoa utamtoa tena. Watoto wengi makao hawakupelekwa kwa kukosa jamaa, walipelekwa kwa kukosa karo.

Ndugu zetu Tanzania wanafanyaje?

Wana TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, iliyoanza mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini hulipa kaya nzima bila kuulizia uyatima. Naona ni bora: hakuna mtoto anayebandikwa jina. Pia wamejaribu jambo ambalo sisi tunaliongea tu. Utafiti ulichukua vijiji 130 vya upande wa Mufindi na Rungwe, na katika karibu nusu yake vijana wa miaka 14 hadi 19 wa kaya hizo walipewa mafunzo ya stadi za maisha na kujitegemea, wakapewa mshauri wa kuwafuata, wakapewa mtaji wa kama dola 80, na zahanati za karibu zikaimarishwa kuwahudumia. Mpango uliitwa Ujana Salama. Ufugaji uliongezeka, na wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono walipungua. Si jambo dogo katika nchi ambayo uchunguzi wake wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana watatu katika kila kumi wamefanyiwa ukatili huo kabla ya miaka 18.

Nikijua mtoto anateswa, hata kama nyumba hiyo inapata pesa?

Piga 116, ni bure, Kenya na Tanzania bara. Usingoje uwe na ushahidi, hiyo ni kazi ya wengine.

Mjukuu wangu anatimiza 18 mwaka huu. Pesa zitakatwa?

Kama hakuna mwingine wa chini ya umri huo ndani ya nyumba, ndiyo, nyumba inatoka. Hata akiwa kidato cha tatu. Siwezi kulitetea hilo. Wengi huku huanza shule wamechelewa, na mlango unafungwa mwaka ule ule karo inapokuwa kubwa.

Fanyeni haya mapema, akiwa na 17. Ombeni basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ya kaunti, fomu zote mbili, kwa kuwa moja ikikosa nyingine huweza kushika. Akienda chuo, kuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na fomu yake inauliza habari za wazazi, ikiwemo vyeti vya vifo. Kitambulisho nacho kinataka karatasi za wazazi. Hapo ndipo mayatima wengi hukwama: mama alifariki nyumbani, akazikwa siku ile ile, hakuna aliyeandikisha kifo.

Basi leo jioni toa ule mfuko wa nailoni ulio chini ya godoro, wa zamani zile kabla haijapigwa marufuku 2017. Angalia kama kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha marehemu, na cheti cha kifo. Kikikosekana kimoja, njoo Jumanne kwa chifu. Mimi huwa pale kuanzia saa tatu, chini ya mwembe, upande wa kivuli.